Babu Pasi Aitwe

Kitu cha kwanza alichokiona kwa yule mwanamume hakikuwa uso. Kilikuwa kiraka.

Alikuwa ameipindua suruali ya mteja ndani nje, kama anavyozipindua suruali zote kabla hazijaingia majini, akakuta chini ya mfuko wa kulia kipande cha ngozi laini, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kimeshonwa kwa mishono midogo midogo iliyofuatana kama siafu. Barabarani hakuna ambaye angekiona. Mwenye suruali alikuwa fundi kufuli, mtu wa kutembea na lundo la funguo, na funguo hula mifuko. Wanaume wengine mfuko ukitoboka hulaani, kisha hununua suruali nyingine. Huyu alikuwa amekaa mahali peke yake, na sindano, akashona kitu ambacho hapana wa kumsifia.

"Mtu wa namna gani huyu?" binti wa dobi alijiuliza, mikono imejaa povu.

Na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumuuliza mtu yeyote swali lolote kwa mdomo, aliuliza kwa kalamu. Jumamosi iliyofuata, gazeti la mji lilitoka na safu ya Babu Pasi imeandikwa hivi: *Wanangu, msitazame mtu amevaa nini. Tazameni ameshona nini ndani, pale ambapo hapana macho. Hapo ndipo mtu anapoishi.*

Dobi mwenyewe aliyasoma maneno hayo kwa sauti, miwani imemshuka puani, akatikisa kichwa.

"Huyu mzee siku hizi amelainika. Zamani mwenye kiraka angekiona cha mtema kuni. Sijui amepatwa na nini."

Binti yake aliinama juu ya pasi, akaunguza kola ya mwalimu mkuu.

Kwani Babu Pasi alikuwa yeye.

Ilikuwa imeanza miaka sita kabla, alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la tano, mgongo wa mama yake ulipogoma na beseni za kufulia zikataka mikono mingine. Kusoma hakuacha. Mashati ya wateja yalifungwa kwa magazeti ya zamani, na hakuna gazeti lililofunga shati kabla yeye hajalimaliza, mpaka matangazo ya vifo. Kuzungumza ndiko kulikomshinda. Mteja akiingia, macho yake yaliganda kwenye kaunta. Aliwajua wanaume wa mji ule kuanzia kifuani mpaka magotini, basi. Shangazi yake alimpa jina la Kimya, na jina likamkaa kama shati la kupimiwa.

Siku moja alitia karatasi ndani ya mfuko wa koti la mhariri wa gazeti, lililokuwa limeletwa kupigwa pasi. Aliandika kuhusu vifungo. Kwa nini alifanya hivyo, hakumwambia mtu. Labda mtu akinyamaza sana, maneno hutafuta tundu. Jumatano iliyofuata koti lilirudi. Mfukoni mlikuwa na daftari jipya, kalamu mbili, na kikaratasi: *Endelea, mzee wangu. Nani wewe?* Alijibu, *Babu Pasi,* na tangu hapo koti la mhariri likawa linapigwa pasi kila Jumatano hata kama halikuvaliwa.

Mhariri aliamini Babu Pasi ni dobi. Kila akipokea koti lake alimkonyeza mzee. "Kazi nzuri sana ya juzi, mzee."

"Tunajitahidi," dobi alijibu kila mara, akidhani anasifiwa mkunjo wa mikono.

Na hakuna aliyempenda Babu Pasi kama dobi. Alikuwa akikata kila safu kwa mkasi na kuigandisha kwenye daftari kubwa. Ugomvi ukizuka dukani juu ya urefu wa tai au pindo la suruali, aliliteremsha daftari lile kutoka rafuni kama hakimu, akalamba kidole, akafungua. Binti yake wa kumzaa, aliyemwambia mara mia moja kwamba pasi ya mkaa inachafua hariri, hakuwahi kumsikiliza. Babu Pasi alipoandika neno hilohilo, pasi ya mkaa ilitupwa siku ileile.

Sasa turudi kwa fundi kufuli.

Mwaka mzima alileta mashati yaleyale matatu, mara mbili kwa wiki, mengine yakiwa bado yananukia sabuni ya mara iliyopita.

"Yatakuwa tayari lini, dada?"

"Alhamisi."

"Asante. Na haya?"

"Jumatatu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao. Mwaka mzima, yote aliyomwambia mwanamume yule yalikuwa majina ya siku. Lakini alipomfungia mashati, alimfungia kwa ukurasa wa Babu Pasi, wa wiki ile au wa miaka iliyopita, safu ikiwa juu, katikati kabisa, ili asiweze kufungua kifurushi bila kuisoma. Wateja wengine walifungiwa kwa habari za mpira.

Mwezi uliopita kufuli la duka lilikwama. Fundi akaja, akapiga magoti mlangoni na vifaa vyake, akalitengeneza, akachonga funguo mbili. Mmoja akampa dobi. Wa pili akauweka juu ya kaunta, mbele ya yale macho yaliyoinama, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, nikija na mjomba wangu kuzungumza na baba yako, utanikasirikia?"

Masikio ya binti yalipata moto. Ulimi ulitafuta neno, ukazunguka mdomo mzima, ukarudi na lile moja ulilolizoea.

"Jumapili."

Fundi alitoka nje, akasimama barabarani kwa muda mrefu akifikiri. Je, amekubaliwa, au mashati yatakuwa tayari Jumapili? Kisha akakumbuka kwamba Jumapili duka hufungwa, akaruka hatua mbili hewani, mfuko wenye funguo ukalia kama kengele.

---

Jumapili ikafika.

Sebule yao ilikuwa nyuma ya duka, imetengwa na chumba cha pasi kwa pazia la maua. Binti alikuwa nyuma ya pazia, kwenye meza ya pasi, akingoja kuitwa apeleke chai. Pazia lilikuwa na tundu dogo la kuungua. Alilijua tundu lile, ndiye aliyelichoma.

Mjomba wa fundi aliingia kwanza, mzee wa kucheka, amevaa kandambili na soksi, hana habari na mtu. Nyuma yake akaingia fundi.

"Hee!" alisema shangazi, akashika kifua.

Binti aliweka jicho kwenye tundu. Nusura apige kelele.

Fundi alikuwa amevaa Babu Pasi yote. Miaka sita, kwa siku moja. Alikuwa na kofia. Alikuwa na tai, na kizibao, na koti juu ya kizibao, na kitambaa mfukoni kifuani kimekunjwa pembe tatu. Alikuwa na mkanda kiunoni na mikanda mingine miwili mabegani ya kuishikilia suruali, kama mtu anayeogopa suruali itatoroka. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye kofia mpaka kwenye kola, na kola ilikuwa imetiwa wanga mwingi hata shingo haigeuki. Alimwamkia dobi kwa kugeuza mwili wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni."

Mjomba alikaa. Fundi alibaki wima.

"Kaa, mwanangu," shangazi alimwambia.

"Nashukuru, Shangazi. Suruali hii haikupigwa pasi kwa ajili ya kukaa."

"Angalau jifute jasho. Kitambaa si hicho hapo kifuani?"

"Hiki si cha jasho, Shangazi. Imeandikwa."

Shangazi alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa ametoa miwani mfukoni, anaivaa polepole, na binti nyuma ya pazia aliijua ile polepole. Alikuwa amekwisha kuona kasoro.

Mjomba alikohoa. "Basi ndugu yangu, sisi hatukuja kuomba maji. Mpwa wangu huyu, mnamjua, kufuli za mtaa mzima amezifungua yeye, na hakuna nyumba iliyoibwa. Kwenu kuna mtoto wa kike, tumemwona, tumempenda..."

"Samahani, mjomba," dobi alimkata. "Kabla ya yote. Hizo soksi."

Watu wote walitazama soksi za mjomba.

"Si zako. Za kijana. Amevaa soksi za kufanana na suruali. Babu Pasi amesema soksi zifanane na viatu."

Fundi alikuwa amejiandaa. "Mzee, kwa heshima. Babu Pasi amesema: *Soksi na suruali ni ndugu wa tumbo moja.* Ninayo hapa." Akatoa ndani ya koti karatasi imekunjwa mara nne, bado ina alama za kufungia shati.

"Huyo ni Babu Pasi wa mwaka wa kwanza!" dobi alisema kwa ushindi. Akainuka, akaenda rafuni, akarudi na daftari kubwa. "Mwaka wa tatu alilitengua neno hilo. Soma hapa!"

"Hakulitengua, mzee. Aliliongezea. Alisema *wakati mwingine.*"

"Wakati mwingine ni kwa mwenye viatu vya kahawia! Na huo mkanda? Mkanda na mikanda ya mabega kwa pamoja?"

"*Mtu mwangalifu huweka akiba mbili.* Mwaka wa pili, mzee."

"*Mwenye kufunga mara mbili hajiamini hata mara moja.* Mwaka wa nne!"

Nyuma ya pazia binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alitaka kucheka na alitaka ardhi ipasuke, vyote pamoja. Maana wote wawili walikuwa sahihi. Yote aliyasema yeye.

Aliikumbuka ile ya soksi. Aliiandika akiwa na miaka kumi na tisa, hajawahi kumwona mwanamume yeyote amekaa amekunja nne, akatoa hukumu kama mtu wa miaka themanini. Ukiandika hujulikani, hushindwi kuwa na hakika na jambo lolote. Miaka miwili baadaye karani mmoja aliingia dukani na suruali ya kijani na soksi za kijani, kwa utiifu, anafanana na panzi, akauliza kwa fahari kama Babu Pasi angefurahi. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi yake akaandika ile ya viatu. Ile ya mikanda miwili aliiandika kwa sababu ya mteja mmoja mzee aliyekonda kwa maradhi, nguo zikimvuka mbele za watu; hakuwa anawapa sheria vijana wenye viuno vyao. Kila neno lilikuwa na mtu wake. Yeye alimwandikia mtu mmoja, mji mzima ukavaa.

Na sasa mwanamume anayempenda alikuwa amesimama sebuleni anahukumiwa kwa kitabu chake, na anajitetea kwa kitabu chake, na jasho linadondoka kwenye zulia.

"Kaka," shangazi alisema, "umekaa hapa kuoza au kushona?"

"Nimekaa kutazama mtu. Mwanamume asiyejua Babu Pasi anasema nini atajuaje mke wake anasema nini?"

"Mke mwenyewe hasemi!"

"Dada, usiniingilie. Mtoto huyu ni wangu peke yangu. Mimi simpi mtu ambaye..." Akatafuta neno, akafungua daftari, akafunga. "Tazama mifuko hiyo! Imelegea kama masikio ya mbuzi."

"Wewe hutafuti mifuko," shangazi alisema, na sauti yake ilishuka. "Unatafuta sababu. Sema ukweli, kaka. Binti akiondoka, duka utabaki na nani? Nyumba hii utabaki na nani?"

Dobi alilaza kiganja juu ya daftari kama mtu anayeapa, akasema neno ambalo binti alikuwa analiogopa tangu asubuhi.

"Mimi siwezi. Kijana ni mwema, lakini siwezi. Babu Pasi mwenyewe asingekubali."

Fundi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hilo nalo lilikuwa na hukumu mbili.

Hapo mjomba, ambaye tangu mwanzo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira, aliinua mkono.

"Jamani, na mimi mnisaidie. Nimesikia Babu Pasi kasema hivi, Babu Pasi kakataza vile. Nilikuwa nadhani baba wa binti ni wewe. Kumbe kuna babu, na ndiye mwenye neno! Sasa, ndugu yangu, huo si utaratibu. Mtu mzima mwenye neno hafichwi. Kama yumo ndani mgonjwa, tutamfuata kitandani. Babu Pasi aitwe!"

"Mjomba, huyo si..." fundi alianza.

"Aitwe! Nimetoka mbali, viatu nimeacha kwa sababu ya kidole. Siondoki mpaka nimemwona babu."

Binti alitazama mikono yake. Ilikuwa imeshika trei bila yeye kuiambia. Alikuwa na njia mbili: apeleke chai, ainame, arudi nyuma ya pazia azeeke humo, au. Hiyo *au* haikuwa na maneno mbele yake. Akapiga moyo konde, akalisukuma pazia kwa bega, akaenda na trei mpaka katikati ya sebule, akaiweka mezani. Biskuti zilikuwapo, birika lilikuwa tupu. Alikuwa amesahau kutia chai.

"Nimeitika," alisema.

"Ahsante mwanangu, lakini sisi tunamtaka babu," mjomba alimwambia kwa upole.

"Ndiye mimi."

"Nani?"

"Babu."

Mjomba alimkagua kuanzia kilemba mpaka miguuni. "Mbona hana hata mvi?"

Shangazi aliangua kicheko, kisha akakikata katikati, kwa kuwa alimwona mtoto anatetemeka.

"Mama," dobi alimwambia binti yake. Alikuwa akimwita hivyo anapokuwa na huruma. "Najua unataka kumwokoa kijana. Lakini usiseme jambo kama hilo. Babu Pasi ni msomi. Wewe darasa la tano hukulimaliza."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliuma.

"Ni kweli, baba. Darasa sikulimaliza. Magazeti ya kufungia nguo niliyamaliza yote."

"Mama..."

"Toa pochi yako."

Hakuwahi kumwamuru baba yake katika maisha yake. Dobi alishangaa hata akatii. Ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho, mlikuwa na karatasi ya gazeti iliyogeuka rangi ya chai kwa miaka. Ile haikugandishwa daftarini. Ilikuwa safu ya kwanza kabisa, na hakuna aliyejua kwa nini aliibeba.

"Usiifungue," binti alisema. "Nisikilize." Akafumba macho, na sauti ikamtoka ndogo lakini nzima. "*Kuna mwanamume mtaani kwetu anafunga vifungo vya shati kombo, kila kifungo kwenye tundu la jirani yake. Msimcheke. Ilikuwapo mikono miwili iliyokuwa ikimfungia asubuhi, na mikono hiyo haipo tena. Yeye hajui kama anakosea, kwa sababu bado anaitazama mikono ile. Mwenye mapenzi amwambie. Mimi naogopa.*"

Akafumbua macho.

"Mwaka ule mama alipofariki," alisema, "ulikwenda kazini miezi minne shati likiwa kombo. Watu walicheka dukani. Nilikuwa nasimama mbele yako kila asubuhi, nasema moyoni, leo nitamwambia. Sikuweza. Nikamwandikia mhariri. Uliposoma, siku ya pili ulifunga sawasawa."

Dobi alikuwa ameshika shati lake kifuani.

"Nilisoma nikalia," alisema. "Nikasema, masikini, yupo mwenzangu." Akayapima maneno. "Kumbe hakuwa mwenzangu."

"Hapana, baba."

"Alikuwa mimi." Akavua miwani. Kisha kitu kingine kikampata, akainua kichwa kwa kishindo. "Na mhariri! Kila Jumatano ananikonyeza! 'Kazi nzuri, mzee.'"

"Alidhani ni wewe."

"Na mimi miaka sita namjibu 'tunajitahidi'! Ya Rabi! Mtu mzima mimi!"

Sasa shangazi alicheka bila breki, na mjomba akacheka kwa sababu shangazi anacheka, na dobi akacheka huku anajifuta macho kwa ukurasa wa daftari, akagundua ni ukurasa wa vitambaa vya mfukoni, akazidi kucheka.

Mmoja tu hakucheka. Fundi alikuwa ameweka kofia kitini na anafungua kizibao, kifungo baada ya kifungo, kama mtu aliyeshindwa kesi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Mwaka mzima, kila kifurushi, maneno yale yako juu. Nilidhani unanisema, dada. Nikasema, ananiona ninavyovaa, ana haya ya kuniambia, anatumia gazeti. Wiki ile ya vizibao nilikwenda kununua kizibao. Wiki ya kofia, kofia. Nimejitahidi. Mimi ni mtu wa mashati matatu."

Binti alibaki mdomo wazi. Mwaka mzima! Vifurushi mia moja vya barua, na mwenziwe alikuwa akizisoma kama karipio.

"Sikuwa nakusema," alisema haraka, maneno yakigongana. "Sikutaka ununue chochote. Sikuwa na njia nyingine ya... Nilitaka tu usikie ninavyozungumza ninapoweza kuzungumza. Nilikuwa nakusalimia."

Fundi aliacha kifungo kilichokuwa mkononi.

"Vyote? Hata ile ya jinsi ya kuhifadhi viatu vya mvua?"

"Hata hiyo."

"Ilikuwa nzuri ile," alisema.

Mjomba alimgusa dobi kwa kiwiko. "Ndugu yangu, babu tumemwona. Sasa?"

Dobi alifunga daftari. Alipokuwa hana kitabu mbele yake alionekana mdogo, mzee mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni miaka arobaini.

"Dada amesema kweli," alikiri. "Nilikuwa natafuta sababu. Nikimtoa huyu, nitapiga pasi na nani?"

"Mzee," fundi alisema, "karakana yangu ni mlango wa nne kutoka hapa. Simwondoi dukani. Nani atamwondoa Babu Pasi kwenye pasi?"

"Na Jumatano?"

"Koti la mhariri nitalibeba mwenyewe."

Dobi alikuna kidevu. Akamgeukia binti yake, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mkono mgeni.

"Mama, nikuulize. Huwa inasemwa binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Lakini wewe umenyamaza tangu kuzaliwa. Umenyamaza ukiwa na njaa, umenyamaza ukiwa na homa, umenyamaza mimi nikiwa na shati kombo mbele za watu. Nikikuuliza leo ukanyamaza, nitajuaje ni kipi? Mimi kimya chako nimekisoma miaka ishirini na mitano, kumbe nilikuwa nimekishika juu chini. Unamtaka huyu?"

Shangazi alishika pumzi. Mjomba alishika biskuti hewani.

Binti aliinua macho. Yalipita kiunoni, yakapita kwenye kizibao kilichofunguliwa nusu, yakafika kwenye ile kola ngumu ambapo yalikuwa yakisimama siku zote, na kwa mara ya kwanza hayakusimama. Juu yake palikuwa na uso. Ulikuwa umelowa jasho, una kovu dogo kwenye nyusi, na masikio makubwa kidogo. Miaka sita, na Babu Pasi hakuwahi kuandika neno hata moja juu ya masikio.

Akayapenda yote mawili.

"Baba," alisema, bila kuondoa macho pale yalipofika, "usitafute sababu nyingine. Ninampenda. Nimempenda tangu siku ya kwanza, tena nimeliandika kila wiki, na kama mngekuwa mnajua kusoma, mji mzima ungekwisha kulijua."